Waislamu wa Katavi: Tumtume Nani Akasome Sheria Hadi Mwisho?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, sahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo.

Baada ya hayo, tunapenda katika toleo hili kuzungumza na ndugu zetu Waislamu wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi juu ya jambo ambalo kwa wengi litaonekana geni, tena la mbali. Nalo ni kumsomesha mmoja wetu, awe wa kiume au wa kike, elimu ya sheria hadi Shahada ya Uzamivu, yaani ile daraja ya mwisho ya utafiti ambayo mwenye kuipata huitwa Daktari. Tunajua wapo watakaouliza: misikiti yetu haina mabati, visima vyetu havina pampu, walimu wetu wa madrasa hawana posho, sasa habari hii ya udaktari wa sheria imetoka wapi? Tunawaomba watuvumilie kidogo, kwani imetoka hapa hapa Mpanda, ndani ya chumba cha mahakama.

MJANE NA UKIMYA WETU

Miaka kadhaa iliyopita alitujia msikitini mama mmoja mjane. Mumewe tulimjua, tulisali naye safu moja na tulimzika kwa mikono yetu. Aliacha nyumba ndogo, shamba la mpunga upande wa Kakese, ng'ombe wachache na watoto watatu. Hakuacha wasia. Kabla eda ya mama yule haijamalizika, ndugu wa marehemu walikuja na madai kwamba mirathi igawanywe kwa mila ya ukoo, na kwa mila hiyo mjane hana fungu. Atunzwe na wanawe kama watapenda kumtunza.

Tulifuatana naye mahakamani, wazee sita tuliovaa kanzu safi, na msahafu mkononi. Tulipopewa nafasi tulitaja aya za Suratun-Nisaa zinazompa mke wa marehemu aliyeacha watoto thumuni ya mali, na robo kama hakuacha mtoto. Hakimu alitusikiliza kwa adabu. Kisha akatuuliza maswali mawili. Kwanza, tuna ushahidi gani kwamba marehemu aliishi maisha ya Kiislamu kiasi cha kuiacha mila ya kabila lake? Pili, tunategemea uamuzi gani wa mahakama za juu? Upande wa pili walikuwa na mashahidi walioapa kwamba marehemu alikuwa akichangia matambiko ya ukoo. Sisi tulitazamana. Hatukuwa na jibu la swali la kwanza wala la pili.

Mama yule hakupata thumuni yake, na nguvu ya kukata rufaa hakuwa nayo. Tulimsindikiza stesheni, akapanda treni ya kwenda Kaliua kwa kaka yake pamoja na watoto wawili. Mkubwa alibakizwa kwa baba yake mdogo. Tuliporudi msikitini tulisema maneno mengi: kwamba tunaonewa, kwamba mahakama hazina dini, kwamba laiti tungekuwa na Kadhi. Katika maneno yote hayo hatukulitaja lile lililokuwa kweli kuliko yote, kwamba majibu ya maswali yale mawili yalikuwepo na sisi hatukuyajua.

MAJIBU YALIKUWEPO

Ndugu msomaji, Tanzania Bara katika mambo ya mirathi ina sheria tatu zinazokwenda sambamba: sheria za mila, sheria ya Kiislamu, na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 tuliyorithishwa na Mwingereza. Mahakama ya Mwanzo imepewa mamlaka ya kusikiliza mirathi inayotawaliwa na mila au na Uislamu. Kwa hiyo si kweli, kama wengi wetu tunavyodhani, kwamba mahakama hizi hazina nafasi ya sheria ya Allah (s.w.) katika mirathi. Nafasi ipo. Kinachogomba ni nani anaijua na nani anaweza kuithibitisha.

Upande wa mila, yapo matamko yaliyochapwa na Serikali mwaka 1963, Tangazo Namba 436, ambayo katika wilaya zinakotumika yanasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mtu anayetaka kumtoa mjane katika kanuni hiyo anatakiwa aoneshe kwamba marehemu hakuwa akiishi chini yake. Mwaka 1969, katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mahakama Kuu iliitazama namna ya maisha ya marehemu na nia yake ili kuamua ni sheria ipi igawanye mali yake, na shauri hilo limekuwa likirejewa tangu hapo. Hilo ndilo hakimu alilokuwa akitudokeza. Na ushahidi wote alioutaka ulikuwa mikononi mwetu: cheti cha ndoa, daftari la madrasa lenye majina ya watoto, zaka ya mpunga aliyokuwa akiitoa kila mavuno, na umma ulioswalia jeneza lake. Hatukuuleta kwa sababu hatukujua kwamba huo ni ushahidi. Tulidhani kusoma aya kunatosha.

Katika ndoa mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazitambua ndoa za Kiislamu, na katika kifungu cha 107 inataja talaka inayopita kwa taratibu za Kiislamu baada ya baraza la usuluhishi kushindwa. Lakini yako pia maneno mengine katika sheria za nchi, yanayosema kwamba kanuni za mila na za Kiislamu hazitatumika katika jambo lolote ambalo Sheria ya Ndoa imekwisha kulitolea masharti. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Wahusika walikuwa Waislamu. Ni masheikh wangapi wanaofungisha ndoa katika mkoa wetu wanaolijua shauri hilo? Na wale wanaolijua, ni wangapi wameketi wakalipima kwa mizani ya fiqhi, wakasema kwa hoja hapa linaafikiana na sharia, hapa linatofautiana, na tofauti yenyewe ni hii?

WAKILI NA MTAFITI

Mtu atasema: basi hapo alihitajika wakili, si daktari. Ni kweli, siku ile tulihitaji wakili, na tunawasihi vijana wetu waendelee kuwa mawakili. Lakini wakili huichukua sheria kama ilivyo na kumtetea mteja mmoja. Mtafiti huuliza sheria yenyewe imetoka wapi, inafanya kazi gani kwa watu, na inapokosea inakosea wapi. Wakili angeweza kumsaidia mjane wetu mmoja. Swali la wajane wote wa Kiislamu ambao mashauri yao yamepita katika mahakama za Mpanda kwa miaka 30, wangapi walipata fungu lao, wangapi walikosa na kwa sababu ipi, halijibiwi na wakili mwenye mteja wa kesho asubuhi. Linajibiwa na mtu aliyeruhusiwa kukaa na majalada kwa miaka, akayasoma moja moja, akawatafuta wajane hao vijijini akawasikiliza, akalinganisha na hukumu za juu na vitabu vya faraidhi, kisha akaandika.

Huo ndio uzamivu wa sheria. Ngazi yake iko hivi. Kwanza ni shahada ya kwanza ya sheria. Anayetaka uwakili hupitia baada yake Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Anayetaka utafiti huendelea na Shahada ya Uzamili, halafu Uzamivu. Tuwe waangalifu na majina, kwani Marekani shahada ya kwanza ya uanasheria huitwa J.D., nayo ina neno daktari ndani yake ingawa si shahada ya utafiti. Ya utafiti kule huitwa S.J.D. kama ya Harvard, au J.S.D. kama ya Yale. Kwetu na Uingereza jina lililozoeleka ni Ph.D. Majina yanatofautiana, kazi ni moja: mwanafunzi hupeleka pendekezo la utafiti, hupewa msimamizi, hukusanya ushahidi, huandika tasnifu ya kurasa mia kadhaa, na mwisho husimama mbele ya watahini kuitetea. Muda wake haupungui miaka 3, na kwa anayesoma huku akifanya kazi huwa mrefu zaidi. Sharti lake kubwa ni kwamba tasnifu iongeze jambo ambalo halikuwa likijulikana. Anayekariri ya wenzake, hata akikariri vizuri namna gani, hapewi.

WALIOTUTANGULIA

Sheria ndiyo elimu ya kwanza ya chuo kikuu kufundishwa katika nchi yetu. Oktoba 1961, kabla hata bendera ya Uhuru haijapandishwa, Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 15. Kutoka kitivo hicho wametoka watu walioitikisa nchi kwa utafiti. Profesa Issa Shivji alipata uzamivu wake hapo mwaka 1982 kwa kuchunguza historia ya wafanyakazi wa Tanzania na sheria za kazi tangu enzi ya mkoloni, na kazi hiyo ikatoka kitabu mwaka 1986. Serikali ilipotaka kujua ukweli wa migogoro ya ardhi, ni yeye aliyekabidhiwa uenyekiti wa Tume ya Rais iliyozunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992. Serikali haikuyakubali mapendekezo yake yote. Hata hivyo Sheria za Ardhi za mwaka 1999 haziwezi kujadiliwa bila kuitaja Tume ile. Profesa Ibrahim Hamis Juma naye alikuwa mwalimu na mtafiti wa sheria chuoni hapo kabla ya kuwa Jaji, akaiongoza Mahakama ya Tanzania kuanzia mwaka 2017 hadi 2025. Mwenye elimu ya namna hiyo haamrishi watu, bali mjadala hauwezi kumruka.

Isisemwe kwamba Mpanda ni mbali. Mheshimiwa Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kutoka 2008 hadi 2015, ni mtoto wa ardhi hii, na alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1974, wakati ambapo kutoka hapa kwenda Dar es Salaam kulikuwa safari ya kuaga kweli kweli. Leo Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na kinafundisha sheria hadi uzamivu. Kipo Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, ambako sheria za nchi na sharia husomwa pamoja katika shahada ya kwanza. Kipo Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, tangu 1998. Njia zipo. Msafiri ndiye aliyekosekana.

Na sisi watu wa islahi tusijifanye kana kwamba jambo hili ni la kuazima. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah, alikuwa mwandishi na mwalimu wa umma, na hapo hapo alikuwa mwanasheria aliyefikia cheo cha Kadhi Mkuu wa Kenya. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetufasiria Qur'an kwa Kiswahili, alikuwa Kadhi Mkuu Zanzibar na baadaye Kenya. Wazee hao hawakutenganisha kalamu ya islahi na elimu ya hukumu. Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, alipotoka Iraq akahamia Misri aliyapitia upya maoni yake, mengine akayabadilisha, hata wanafunzi wakawa wanasema kauli ya zamani na kauli mpya. Huyo ni mtafiti aliyetazama watu na mahali, wala hakuona aibu kujisahihisha.

KELELE BILA KITABU

Tukubali ukweli hata kama unauma. Kwa miaka mingi umma wetu umedai Mahakama ya Kadhi. Tumehutubia, tumeandika, tumeandamana. Mwanzoni mwa mwaka 2015 muswada uliogusa jambo hilo ulifika Bungeni, kisha ukaondolewa bila kupitishwa. Tulilaumu wengi. Lakini mbunge wa kawaida angetuuliza siku ile: nioneshe, kwa mkoa mmoja tu, ni mashauri mangapi ya ndoa na mirathi za Waislamu yanafikishwa mahakamani kwa mwaka, nani anayaamua, anaamua kwa kitabu gani, na ni dhulma gani inayotokea ambayo Kadhi angeiondoa, kwa mkoa wetu wa Katavi tungempa nini? Tungempa shairi la malalamiko. Madai ya haki hayapungui kwa kukosa takwimu, lakini hakimu, mbunge na waziri hupima kwa kilichothibitishwa.

Katavi ni shamba kubwa la utafiti huo. Mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604; ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Ndani ya miaka kumi tumezidi maradufu. Hapa wapo Wabende, Wapimbwe na Wakonongo, wapo Wafipa na Waha, wapo Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, na wapo ndugu zetu wa Katumba na Mishamo waliokimbia Burundi tangu 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania kufikia 2014. Ndoa zinafungwa kati ya makabila haya kila Ijumaa. Mmoja akifariki, ni mila ya nani itakayomgawia mjane? Mtu wa Mishamo aliyeingia Uislamu akiwa mtu mzima, shamba lake litarithiwa kwa sheria ipi? Maswali haya hayapo katika kitabu chochote cha Cairo wala Madina. Jibu lake litatoka kwa mtu aliyesoma fiqhi, akasoma sheria za nchi, na akajua kijiji cha Katumba kiko wapi.

UTAFITI UTAKAOTUGUSA SISI WENYEWE

Hapa tunaomba tusemezane kwa ikhlasi. Mtafiti wa kweli akija kwetu atauliza na sisi. Atauliza ni wanaume wangapi wa jamaa yetu walioacha wake zao bila matumizi ya eda, kisha wakisikia habari ya mahakama wakakimbilia kusema wao wanafuata sharia. Atauliza ni mabinti wangapi wa Kiislamu waliopewa nusu ya fungu la ndugu zao wa kiume kama Qur'an ilivyoagiza, na ni wangapi waliopewa doti ya khanga wakaambiwa waridhike. Mjane wetu aliporwa kwa jina la mila, lakini wapo walioporwa na watu wenye sijda usoni.

Atauliza pia juu ya mabinti wadogo. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015 na 2016 ulionesha kwamba katika mkoa wetu wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilivitangaza vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 kuwa vinakinzana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa ya Serikali. Uislamu ulitajwa katika mabishano hayo. Je, ulitajwa kwa elimu ya nani? Nani kati yetu alikuwa ameketi na mabinti wa Mlele na Tanganyika, akajua ni wangapi walioolewa kwa ridhaa, wangapi walioozwa kwa ng'ombe, na wangapi waliopata mimba bila ndoa kwa sababu shule iko mbali? Tulibaki kusema tunaingiliwa. Wengine walisema kwa niaba yetu, wakatusemea watakavyo.

Allah (s.w.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, kusimama na uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Anayeogopa majibu asimpeleke mtu kutafiti. Sisi tunaamini kwamba sharia ya Allah haina cha kuhofia katika utafiti wa kweli. Kinachohofiwa ni matendo yetu tuliyoyavika kanzu yake.

WANAOPINGA

Wapo ndugu wanaosema kusoma sheria zilizotungwa na wanadamu ni kupoteza umri, au ni kuzikubali. Tunawakumbusha kisa cha Nabii Yusuf (a.s.). Alikuwa Misri chini ya mfalme asiyekuwa katika dini yake, akaomba kazi ya kusimamia hazina kwa sababu alikuwa na elimu nayo. Na alipotaka kumbakiza ndugu yake, Qur'an (12:76) inatuonesha kwamba sheria ya mfalme isingempa nafasi hiyo, akapata njia kwa tadbiri aliyoongozwa na Mola wake. Kuijua sheria ya nchi hakukumtoa katika Unabii. Kutoijua, kwetu sisi, kumemtoa mjane katika nyumba yake.

Wapo wanaosema mtu tukimsomesha hatarudi; atabaki Dar es Salaam na gari lake. Hofu hii ina msingi. Dawa yake ni masharti tutakayoyataja hivi punde. Wapo pia wanaohofia riya, na hao tunawaunga mkono bila kusita. Nchi yetu imejaa watu wanaopenda kuitwa Daktari kwa shahada za heshima, na wengine kwa karatasi zisizojulikana zilikotoka. Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya mtu anayetafuta elimu ili ajifakharishe kwa wanavyuoni na kuwavuta watu wamtazame. Hatumtafuti wa kuitwa Daktari katika mialiko ya harusi. Tunamtafuta atakayekubali kuvuta vumbi la majalada.

TUNAYOPENDEKEZA

Kwanza, tuanze chini. Uzamivu hauanzi chuo kikuu, unaanza pale mtoto wa Majengo au Nsemulwa anapofundishwa kusoma, kuandika na kuuliza kwa nini. Walimu wa madrasa na walimu wa shule wakutane, waangalie kijana au binti mwenye Kiarabu kinachosomeka, Kiingereza cha kutosha na tabia ya ukweli. Binti asirukwe. Mashauri mengi tuliyoyataja ni ya wanawake, na yapo ambayo mjane hatamweleza mwanamume.

Pili, tuweke wakfu. Harambee ya siku moja humlipia mtu ada ya mwaka mmoja, kisha huachwa njiani. Nyumba moja ya kupangisha mjini Mpanda, iliyoandikwa wakfu kwa maandishi yanayotambuliwa kisheria na kusimamiwa na wadhamini wanaotoa hesabu hadharani, italipa ada mwaka hadi mwaka, na akimaliza huyu ataanza mwingine. Msikiti usio na mabati tunauona kila tukisali chini yake. Umma usio na mwanasheria hatuuoni mpaka siku ya msiba.

Tatu, tuandikiane naye mkataba. Atafiti juu ya mambo yetu na mahali petu. Akimaliza, popote atakapoajiriwa, awe na wajibu kwetu kila mwaka: kuwafundisha masheikh wanaofungisha ndoa, kuwaandaa wazee wanaoitwa kuwa washauri wa Mahakama ya Mwanzo, na kuwaonesha wajane ushahidi wa kuchukua. Na tasnifu yake, itakayoandikwa kwa Kiingereza kama ilivyo ada, aitolee muhtasari wa Kiswahili unaosomeka. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi hoja za mirathi ya Kiislamu nazo ziandikwe kwa Kiswahili ambacho hakimu na mjane wote watakisoma.

Nne, kabla hata ya daktari huyo kupatikana, tufanye lililo katika uwezo wetu leo. Kila msikiti uwe na daftari la ndoa, talaka na vifo. Kila mwanamume mwenye mali aandike wasia wake na atamke ndani yake kwamba mirathi yake igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Karatasi moja ya namna hiyo ingemtosha mama yule.

HITIMISHO

Katika Suratut-Tawba, aya ya 122, Allah (s.w.) ametufundisha kwamba si lazima waumini wote watoke kwa pamoja, bali katika kila kundi watoke baadhi wakajifunze dini kwa kina, ili wawaonye watu wao watakaporejea kwao. Tuzingatie maneno mawili: kwa kina, na kurejea. Na Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba makadhi ni watatu, mmoja peponi na wawili motoni, wa peponi ni yule aliyeijua haki akahukumu kwayo, na miongoni mwa wa motoni ni yule aliyehukumu watu kwa ujinga. Sisi wazee sita hatukuwa makadhi siku ile, lakini tulisimama mahali pa watu wenye elimu tukiwa hatuna, na aliyelipa gharama ni mwingine.

Mtoto wake mkubwa, yule aliyebakizwa Mpanda, sasa ni kijana. Shamba la Kakese hulipita mara kwa mara, na linalimwa na wengine. Hatujui atatuuliza lini. Tunachojua ni kwamba siku atakapotuuliza, jibu la kwamba tulisoma aya halitamtosha. Na tuhakikishe kwamba mjane atakayefuata, akiulizwa maswali yale mawili, pembeni yake amesimama mtu tuliyemtuma akasome, akasoma, akarejea.

Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atuwafikishe katika kuitumia. Amin. Wabillahi Tawfiq.